Yule Ndege Niliyewawekea Hayupo

Wasee wangu, leo sina utani mwingi. Leo nimekuja kukiri.

Mwezi uliopita niliweka video ya ndege. Wengi wenu mliiona. Ndege wa buluu, kifua cha manjano, mdomo mkubwa kama wa hondohondo, mkia karibu mita nzima. Amekaa kwenye tawi, nyuma yake maji yanaporomoka polepole. Juu yake nikaandika: "Ndege wa misitu yetu ya Pwani. Tembea kwenu uone." Nikaweka muziki kidogo, nikalala. Kuamka asubuhi, imetazamwa mara 61,000. Mimi huyu, ambaye video yangu kubwa kabla ya hapo ilikuwa ya konda akigombana na abiria kwa sababu ya shilingi kumi pale stegi ya Mikindani.

Sasa ukweli. Yule ndege hayupo. Hayupo Pwani, hayupo Kenya, hayupo popote duniani. Nilimtengeneza kwa simu, kwa programu ya akili bandia, nikiwa kitandani, dakika nne hivi. Nilipoona komenti za "Mashallah, kumbe kwetu kuna vitu!" nilinyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma zaidi kuliko la kutengeneza.

Kuna beshte yangu nilimwambia nataka kuiondoa, akanicheka. "Bana, ni ndege tu. Nani ameumia?" Na kusema kweli nilikuwa karibu kukubaliana naye. Ndege si dawa, si hela ya mtu. Mtu akiamini kuna ndege wa buluu Kwale, amepoteza nini?

Halafu dadangu mdogo akarudi na daftari.

Yuko gredi ya 4. Walipewa kazi ya kuchora mnyama au ndege wa mazingira yao. Wenzake wamechora mbuzi, paka, kunguru. Yeye amechora ndege wa buluu mwenye mkia unaotoka nje ya ukurasa, na chini yake ameandika kwa mwandiko wake ule wa kulala upande: "Ndege wa Pwani yetu." Mwalimu amempa tiki kubwa nyekundu. Dadangu akaniambia, "Nimewaambia wote ni wewe umemuona."

Sikula vizuri siku hiyo, wallahi.

Usiku nikarudi kwenye komenti, nazisoma moja moja. Katikati ya mioyo na moto nikaikuta moja ambayo nilikuwa nimeipita siku ya kwanza. Mtu ameandika hivi tu: "Huyo si wa kwetu, mwanangu. Wa kwetu yuko, lakini si huyo. Ukitaka kumuona njoo Kwale." Hakunitukana. Hakunianika mbele ya watu. Nikamwandikia kisirisiri. Kumbe ni mzee anayetembeza wageni wanaopenda kuangalia ndege, amezaliwa huko huko kando ya msitu wa Shimba Hills. Nikamuuliza wa kwetu ni yupi. Akajibu neno moja: "Kulukulu."

Niwaulize nyinyi, na mjibu kwa ukweli: mshawahi kusikia hilo jina? Mimi sikuwa nimelisikia hata siku moja. Najua majina ya wachezaji wote wa timu moja ya Uingereza mpaka wa akiba, lakini kulukulu sikumjua.

Sisi watoto wa Mikindani ndege tunayemjua ni mmoja. Kunguru. Anakuamsha kabla ya adhana, anakuibia samaki sinia likiwa mkononi, anakaa juu ya jaa kama mwenye nyumba. Na hata huyo si wetu. Ni kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kufika 1947 alikuwa ameshaonekana hapa Mombasa. Akapata taka, akapata chakula, akazaana. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, ndiyo maana mitaa yetu imebaki na sauti yake tu. Mambo yalifika mahali mpaka 2024 serikali ikatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Milioni! Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa hapa. Ukimwambia "ndege", kichwani kwake anaona kitu cheusi na kijivu kinachopiga kelele. Ukimwonyesha wa rangi, atakuamini chochote utakachosema. Mimi nilitumia nafasi hiyo.

Basi nikajipanga, siku ya Jumamosi nikaenda.

Nilitoka nyumbani saa kumi alfajiri. Matatu hadi mjini, kutoka hapo hadi feri, nikavuka Likoni na wauza mkate na askari waliotoka zamu ya usiku. Ng'ambo nikapanda matatu ya Kwale. Ukishapita Kombani barabara inaanza kupanda, na kila ukipanda kunazidi kupoa, mpaka nikafunga dirisha. Mimi, mtu wa Mikindani, nimefunga dirisha la matatu kwa sababu ya baridi! Nilikuwa nimebeba simu, betri ya ziada, na kispika kidogo cha bluetooth. Mpango wangu ulikuwa huu: nishapakua sauti ya kulukulu kwenye intaneti, nikifika naipiga kwa spika, ndege anakuja, narekodi, saa tatu niko njiani kurudi.

Mzee alinipokea stegi. Mtu mwembamba, kofia, darubini shingoni imefungwa na kamba ya kiatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia kile kispika. "Hicho cha nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akatabasamu, akakichukua, akakitia kwenye mfuko wake. Ndivyo kispika changu kilivyopumzika mpaka mchana.

"Wewe ukiwa kwako unakula," akaniambia, "halafu usikie mtu sebuleni anasema hii nyumba ni yake, utaendelea kula?"

"Siwezi, mzee."

"Basi na yeye hawezi. Ataacha chakula, ataacha makinda, aje kupigana na mtu ambaye hayupo. Leo umempigia wewe, kesho mgeni, kesho kutwa mwingine. Atakula lini?"

Nilijisikia kama nimevuliwa shati. "Mtu ambaye hayupo." Hakujua, lakini alikuwa amenisema mimi mzima.

Hatukuingia ndani ya hifadhi. Alinipeleka pembeni, kwenye shamba la jamaa yake lililopakana na msitu, uzio wa kuzuia ndovu ukiwa mbele yetu. Hapo kuna mkuyu mkubwa umezaa, matunda yake yamejaa chini. Tukakaa juu ya gogo. Na mzee, kwa sauti ya chini, akaanza kunifundisha. Mengine nikaja kuyasoma mwenyewe baadaye. Nawapa yote hapa kwa sababu nawadai.

Kulukulu, wengine humwita shorobo, ni mkubwa kuliko njiwa, urefu wake kama sentimita 40 ukihesabu na mkia. Mwili wake ni kijani. Kichwani ana kishungi, manyoya yamesimama kama kijana aliyetoka kinyozi, na kishungi hicho kina wekundu na ncha nyeupe. Mdomo mwekundu. Jicho limezungukwa na ngozi nyekundu, halafu kuna mistari myeupe usoni kama amepakwa. Ukimuona ametulia, unasema sawa, ni ndege mzuri wa kijani. Lakini mbawa zake, zile sehemu ambazo huzioni akiwa amekaa, ni nyekundu kama damu. Anazikunja. Anazifungua akiruka tu.

Na hizo rangi ndipo hadithi ilipo. Ndege wengi wa kijani unaowajua, kama kasuku, hawana rangi ya kijani hasa. Unyoya wao una manjano, halafu umbo la ndani la unyoya linarudisha mwanga wa buluu, jicho lako linachanganya, unaona kijani. Kulukulu na ndugu zake wana kijani chenyewe, rangi halisi ndani ya unyoya. Na ule wekundu ndio kabisa. Mwaka 1869 mwanakemia Mwingereza, Arthur Church, alionyesha kwamba ndani yake mna shaba. Shaba ile ile ya waya wa stima! Rangi hiyo inaweza hata kutoka ukiuosha unyoya kwa maji ya sabuni. Familia yao ina aina zaidi ya 20 na wote wanaishi Afrika tu. Ulaya hakuna, Asia hakuna, Amerika hakuna. Huko Eswatini, manyoya mekundu ya ndugu yake mmoja huvaliwa kichwani na watu wa ukoo wa kifalme.

Huyu wetu ana eneo dogo. Anaanzia kusini mwa Somalia, anashuka na pwani ya Kenya mpaka kaskazini mashariki mwa Tanzania, na Unguja. Basi. Vitabuni anaitwa Tauraco fischeri, jina alilopewa 1878 kumkumbuka Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyezunguka pande hizi. Sisi tulikuwa na jina tayari. Litamke polepole, ulitoe kooni, kulu-kulu-kulu, utakuwa unakaribia sauti yenyewe.

Anakula matunda hasa, matunda ya mikuyu anayapenda sana, pamoja na machipukizi na majani kidogo. Anameza, anaruka, anaenda kuziacha mbegu kwingine. Kwa hivyo msitu unamlisha na yeye anaupanda. Kiota chake ni vijiti vilivyopangwa juu juu, ovyo ovyo kama cha njiwa, na hutaga mayai mawili.

Saa moja na nusu ikapita. Mbu wamenila. Simu nimeishika juu mpaka mkono umekufa ganzi. Nikaanza kufikiria mambo mabaya: kwani nani atajua nikirudi nyumbani nitengeneze mwingine, safari hii wa kijani, vipimo sahihi kabisa? Nilikuwa na maelezo yote sasa. Ingekuwa dakika nne tena.

Mzee akanigusa bega.

Nilimsikia kabla ya kumuona. Sauti nzito, ya kukwaruza, inatoka juu ya mti kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Halafu nikaona tawi linatikisika. Manze, yule ndege hatembei kama ndege. Alikuwa anakimbia! Anakimbia juu ya tawi kama kindi, anaruka tawi la pili, anakimbia tena, anachungulia, anarukia lingine. Mzee akanieleza kwamba kidole chake cha nje cha mguu kinaweza kugeuka mbele au nyuma, ndiyo maana anashika matawi vile. Akala tunda moja, mzima mzima. Akala la pili. Kishungi kinapanda na kushuka. Mimi nimesahau simu kabisa, mdomo wazi.

Halafu akaruka.

Siwezi kuwaelezea vizuri ule wekundu. Kwa sekunde mbili tatu palikuwa na kitu kinawaka pale hewani kati ya mkuyu na msitu. Akapiga mbawa mara kadhaa, akateleza, akaingia kwenye majani, akazima. Kijani kikabaki. Kama hakukuwa na kitu.

Nilipokumbuka simu nilikuwa nimechelewa. Nina klipu ya sekunde nne. Tatu ni majani na mkono wangu ukitetemeka. Moja ina ubawa.

Tulipokuwa tunarudi stegi, nikamuuliza mzee kama wako wengi. Alifikiri kidogo. Akasema hapa bado wapo, kwa sababu msitu bado upo. Shimba Hills ni hifadhi tangu 1968, na humo ndimo pekee nchini Kenya walimobaki palahala. Arabuko-Sokoke kule Gede wapo pia. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, imesaidia kwa sababu wazee walikataza kukata. Lakini nje ya hapo, akasema, hesabu miti mwenyewe. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kulukulu kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, na sababu kubwa ni hiyo: msitu unapungua.

"Na miti inaenda wapi, mzee?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi. "Si inakuja kwenu mjini. Kwa gunia."

Wasee, nyumbani kwetu Mikindani tunapikia makaa. Mamangu hununua pale kona, anapimiwa kwa mkebe wa kasuku. Ndiyo, kasuku pekee tuliyenaye mtaani ni mkebe wa mafuta. Sijui ile ya kwetu ilikatwa wapi, na simlaumu mamangu, gesi tunajua bei yake. Lakini siku zote niliamini msitu ni kitu cha mbali, cha watalii, cha kwenye skrini. Kumbe huenda tunao jikoni kila jioni, tunaupuliza kwa kipepeo.

Sasa nirudi kwa beshte yangu na swali lake, nani ameumia.

Jibu langu ni hili. Uongo mzuri unaua hamu. Ukishamuona ndege wangu wa buluu mwenye mkia wa mita, siku ukienda Kwale ukaona ndege wa kijani amejificha kwenye majani, utasema "ah, ni huyu tu?" Utarudi nyumbani umeona hasara. Nimemfanya ndege wa kweli aonekane bandia ya yule wangu. Na kuna jambo baya zaidi. Ndege wangu hali tunda, hahitaji mkuyu, hakatiwi mti. Ukimtaka unampata usiku wa manane, kwa bando ya shilingi 20. Tukizoea kutosheka na huyo, siku kulukulu wa mwisho akizima ndani ya majani asitoke tena, hakuna atakayeuliza. Tutakuwa na video.

Sisemi akili bandia ni haramu. Naitumia kukata sauti, kuandika maneno kwenye video, na nitaendelea. Nasema tu mtu asidai kitu ni cha kwetu kama hajakiona. Nilichukua sifa ya nyumbani nikaibandika kwenye kitu kisichokuwepo, wakati cha kweli kilikuwa matatu mbili na feri kutoka kwangu.

Kwa hivyo nimefanya mambo matatu. Ile video nimeiondoa, na zile 61,000 zake. Nilishika simu dakika kumi nzima kabla ya kubonyeza, msidhani ilikuwa rahisi. Pili, nimeweka ile klipu ya sekunde nne, na imetazamwa mara 312 hadi sasa, na nahisi hamsini ni mimi. Kuna aliyeandika, "Hapa sioni kitu." Rudia, ndugu yangu. Sekunde ya tatu, upande wa kulia, juu.

Msiniulize ni mti gani au shamba la nani. Hilo sitaweka, mzee ameniomba na nimekubali. Ukitaka kumuona, panda Kwale, tafuta wenyeji wanaotembeza watu, walipe haki yao, na ukae kimya.

La tatu ndilo lililokuwa gumu. Nilimkalisha dadangu nikamwambia yule ndege nilimtengeneza. Hakulia. Aliniangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hivyo nimemdanganya mwalimu?" Nikamwambia hapana, mimi ndiye nimemdanganya mwalimu, wewe ulikuwa karatasi tu. Nikamwonyesha klipu. Tukairudia, tukaisimamisha pale kwenye ubawa.

Amechora mwingine. Kijani, mdomo mwekundu, kishungi kama kijana aliyetoka kinyozi. Nikamuuliza mbona mbawa hajazipaka nyekundu. Akaniambia, "Si amekaa. Mpaka aruke."

Jumatatu alienda na daftari shuleni. Mimi nilimsindikiza mpaka getini, nikaomba kuonana na mwalimu.